Neno Lililovuliwa Kisiwa: Bikini, Bomu na Bahari Inayopanda

Niliombwa na kikundi cha washairi wenzangu nikazungumze nao juu ya mambo mawili: kuondolewa kwa silaha za nyuklia duniani, na mabadiliko ya tabianchi. Nilipewa saa moja. Nilipokuwa nikijitayarisha, nilihofu kwamba mada mbili nzito kiasi hicho zingenishinda, nikasema kidogo hapa na kidogo pale bila kufika popote. Kisha nikakumbuka kwamba pana mahali duniani ambapo mambo hayo mawili ni jambo moja, na kwamba jina la mahali hapo twalitamka mara kwa mara bila kujua kuwa ni la mahali.

Basi nilianza kwa swali jepesi: bikini ni nini? Vijana walicheka. Mmoja akajibu kuwa ni vazi la wanawake la kuogelea, lenye vipande viwili. Mzee mmoja, ambaye sote twamwamkia shikamoo na ambaye tungo zake twazijua kwa moyo, hakucheka. Aliinua mkono akaniambia, "Mwanangu, umetuahidi bomu na bahari. Nguo za waogeleaji zimeingiaje?" Nikamjibu, "Hilo ndilo swali lenyewe, Mzee wangu. Naomba univumilie." Haya yafuatayo ndiyo niliyosema siku ile, nimeyapanga upya kwa ajili ya wasomaji wa hapa.

Nchi ya minazi

Bikini ni kisiwa. Kwa usahihi zaidi, ni pete ya visiwa vidogo vya matumbawe vilivyoyazunguka maji ya bahari yaliyotulia, katika nchi ya Visiwa vya Marshall, kati ya Hawaii na Australia. Nchi hiyo ina pete 29 za aina hiyo na visiwa vingine 5 vilivyosimama peke yake, na ardhi yake kwa wastani imeinuka yapata mita 2 tu juu ya usawa wa bahari. Wenyeji hukiita kisiwa chao "Pikinni": "pik" ni uso wa ardhi, na "ni" ni mnazi au nazi. Ni nchi ya minazi, basi. Sauti hiyo ya pili si ngeni kabisa katika bahari yetu. Jirani zetu Wamalagasi huiita nazi "voanio", na "nio" yao ni ndugu wa "ni" ya Bikini, kwa kuwa lugha zote mbili ni za ukoo mmoja uliosambazwa na mabaharia, mkono mmoja hadi Bukini na mkono mwingine hadi katikati ya Pasifiki.

Mti mwingine unaotegemewa huko ni mkadi. Sisi wa pwani twaujua mkadi kwa harufu ya ua lake. Wao hula tunda lake, husuka mikeka kwa majani yake, na zamani walisuka hata matanga. Wa tatu ni mshelisheli. Nautaja utatu huu wa nazi, mkadi na shelisheli ili msomaji wa pwani aone kwamba hatuzungumzi juu ya watu wa ajabu wa mwisho wa dunia. Ni watu ambao tungeingia nyumbani kwao tukatambua vilivyomo jikoni.

Hata historia yao ya kutawaliwa ina mlango mmoja na yetu. Mwaka 1885, mwaka ule ule ambao Kaizari wa Ujerumani alitoa hati ya ulinzi kwa ardhi alizodai Carl Peters huku kwetu, Wajerumani walitwaa Visiwa vya Marshall. Mwaka 1914 vikachukuliwa na Wajapani. Mwaka 1944 Wamarekani wakawatoa Wajapani kwa vita vikali, na mwaka 1947 Umoja wa Mataifa ukaviweka visiwa hivyo chini ya udhamini wa Marekani. Neno "udhamini" lawajia kwa masikio yaliyozoea wasomaji wa Tanganyika. Mdhamini ni yule anayekutunzia mali yako mpaka utakapokuwa tayari kuipokea.

Maneno mawili: "kwa muda"

Mwezi Februari 1946, siku ya Jumapili baada ya ibada, ofisa wa jeshi la majini la Marekani, Ben Wyatt, aliketi na watu wa Bikini akawaomba waondoke kisiwani kwao. Aliwaambia kuwa ni kwa muda tu. Aliwaambia kuwa serikali yake ilitaka kujaribu bomu jipya kwa manufaa ya wanadamu wote na kwa kukomesha vita duniani. Kwa kuwa alijua anazungumza na watu waliotoka kanisani muda si mrefu, aliwafananisha na wana wa Israeli walioongozwa na Mungu hadi nchi ya ahadi. Juda, kiongozi wao, alijibu kwamba watakwenda, wakiamini kuwa kila jambo li mikononi mwa Mungu. Baadaye mkutano huo ulirudiwa mbele ya kamera, tena na tena, ili picha itoke vizuri.

Naomba tuyatazame maneno hayo kwa jicho la watu wa lugha. Palikuwa na ombi, lakini muombaji alikuwa jeshi lililokuwa limekwisha kukichagua kisiwa. Palikuwa na kisa cha Biblia, lakini kilikuwa kimepinduliwa: wana wa Israeli walikuwa wakielekea nchi ya ahadi, na hawa walikuwa wakitolewa katika nchi yao. Kisha palikuwa na maneno mawili madogo kuliko yote, "kwa muda". Tarehe 7 Machi 1946 watu 167 walipakiwa melini pamoja na vyombo vyao. Imepita miaka zaidi ya sabini na tano, na muda huo haujesha.

Walipelekwa Rongerik, mahali penye chakula haba, wakapata njaa. Mwaka 1948 wakahamishiwa Kwajalein, wakakaa katika mahema kando ya uwanja wa ndege, na mwaka huo huo wakapelekwa Kili. Kili ni kisiwa kimoja kisicho na pete ya matumbawe wala maji yaliyotulia. Wavuvi waliozoea bahari ya ndani, tulivu kama birika, wakajikuta wamezungukwa na mawimbi makubwa ambamo ngalawa haishuki kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mtu wa Pemba au wa Lamu hahitaji kufafanuliwa maana yake.

Bomu la kwanza lililipuliwa Bikini tarehe 1 Julai 1946. Siku nne baadaye, tarehe 5 Julai, fundi wa mavazi wa Paris aitwaye Louis Réard alionyesha vazi dogo la kuogelea la vipande viwili. Jina la Bikini lilikuwa katika kila gazeti, naye akalitwaa. Alitaka vazi lake lishtue watu kama lilivyoshtua bomu. Mshindani wake, Jacques Heim, alikuwa amekwisha kuliita la kwake "Atome", yaani atomu. Katika mashindano hayo ya majina, Réard ndiye aliyeshinda, nasi twaendelea kumtunukia ushindi wake kila tulitamkapo neno lile madukani.

Hivi ndivyo neno lilivyovuliwa kisiwa. Watu walitolewa Machi. Jina lao likatolewa Julai. Sijui namna nyingine ya kufukuzwa iliyo kamili kama hiyo: mwili hauko nyumbani, na jina la nyumba limekuwa kichekesho.

Majivu meupe

Kati ya mwaka 1946 na 1958 Marekani ililipua mabomu 67 katika Visiwa vya Marshall, 23 kati yake Bikini na mengi ya yaliyobaki Enewetak. Nguvu ya yote kwa pamoja hukadiriwa kuwa megatani 108. Waliopiga hesabu wamesema ni sawa na kulipua zaidi ya bomu moja na nusu la Hiroshima kila siku, kwa miaka 12 mfululizo.

Kubwa kuliko yote liliitwa Bravo. Jina hilo halikukusudiwa kuwa pongezi; lilikuwa namna ya wanajeshi ya kutaja herufi B. Lililipuliwa alfajiri ya tarehe 1 Machi 1954. Waliolitengeneza walitarajia megatani 6 hivi. Lilitoa 15, yaani yapata mara elfu moja ya bomu la Hiroshima. Upepo ulivuma kuelekea mashariki, ambako palikuwa na watu. Katika kisiwa cha Rongelap majivu meupe yalianguka kutoka angani, nayo yalikuwa matumbawe yaliyosagwa na bomu na kujaa mionzi. Watoto waliyachezea. Yaliingia katika maji ya kunywa na katika chakula. Watu waliondolewa baada ya yapata siku mbili, ngozi zikiwa zimeungua na nywele zikipukutika. Katika miaka iliyofuata wanawake walipoteza mimba, na uvimbe na saratani za tezi ya shingo zikaandama hata wale waliokuwa watoto siku ile. Meli ya wavuvi wa Kijapani yenye watu 23, Daigo Fukuryū Maru, nayo ilinyeshewa majivu hayo. Mwendesha redio wake, Aikichi Kuboyama, alifariki mwezi Septemba mwaka ule ule.

Watu wa Rongelap walirudishwa kwao mwaka 1957, wakiambiwa ni salama. Mwaka 1985, baada ya kuona magonjwa yasiyokoma, waliamua kuondoka wenyewe, wakasafirishwa na meli ya Greenpeace, Rainbow Warrior. Watu wa Bikini nao walitangaziwa na Rais Lyndon Johnson mwaka 1968 kwamba waweza kurudi. Baadhi yao wakarudi, wakapanda minazi, wakala nazi zake. Mwaka 1978 wakaondolewa tena, kwa sababu siziamu yenye mionzi ilikuwa imepanda kutoka udongoni hadi ndani ya nazi, na kutoka nazi hadi ndani ya miili. Nchi ya minazi ilikuwa imefika mahali ambapo mnazi wenyewe ndio wenye sumu.

Visiwa havikukaa kimya. Tarehe 20 Aprili 1954, wiki saba tu baada ya Bravo, viongozi wa Marshall waliandika ombi kwa Umoja wa Mataifa wakitaka majaribio yakome. Humo walieleza kwamba kwao ardhi si pahali pa kulima na kuzika wafu tu, bali ndiyo uhai wa watu, na kwamba ukiwanyang'anya ardhi, roho zao nazo huondoka. Waliandika kwa adabu, kwa lugha ya mtawala wao, kwa Umoja wa Mataifa. Majaribio yaliendelea kwa miaka 4 zaidi.

Kaburi lisilo na sakafu

Hapa ndipo bahari inapoingia katika kisa.

Katika pete ya Enewetak kuna kisiwa chembamba kiitwacho Runit. Mwezi Mei 1958 bomu lililopewa jina Cactus lilichimba shimo huko. Kati ya mwaka 1977 na 1980 wanajeshi wa Marekani walikusanya udongo na mabaki yenye mionzi kutoka visiwa vya jirani, zaidi ya mita za ujazo 70,000, wakayamimina ndani ya shimo hilo, kisha wakalifunika kwa kuba la zege lenye unene wa sentimita 46 hivi. Wenyeji huliita Kaburi. Miongoni mwa vilivyomo ni plutoniamu, ambayo huchukua miaka 24,000 ili nusu yake tu ipungue.

Kaburi hilo lina paa, lakini halina sakafu. Shimo halikutandikwa zege chini, na matumbawe ni jiwe lenye vitundu. Maji ya chini ya ardhi hupanda na kushuka kwa kujaa na kupwa kwa bahari. Mwaka 2020 Wizara ya Nishati ya Marekani ilisema kwamba kuba halimo katika hatari ya kubomoka karibuni, na kwamba mionzi iliyokwisha kutapakaa katika maji ya nje ni mingi kuliko iliyofunikwa. Maneno hayo yalikusudiwa kutuliza. Niliyasoma mara mbili nikitafuta utulivu wenyewe.

Tangu mwanzo wa karne iliyopita usawa wa bahari duniani umepanda kwa yapata sentimita 20, kwa sababu maji yanayopata joto hutanuka, na barafu ya nchi kavu inayeyuka. Sentimita 20 ni kitu kidogo katika nchi yenye milima. Katika nchi yenye urefu wa mita 2, maji ya chumvi huingia visimani, hukausha mishelisheli, na mawimbi makubwa hupita juu ya barabara za Majuro, mji mkuu. Hewa iliyoipasha dunia joto haikutoka Marshall. Ilitoka katika viwanda, magari na mitambo ya umeme ya nchi nyingine, kama yalivyotoka mabomu.

Mzee wetu alinikatiza hapa. Alisema, "Wapiganapo tembo, nyasi huumia." Nikamwambia, "Naam, Mzee, lakini huko tembo hawakuwa hata wakipigana. Walikuwa wakijaribu pembe zao."

Mtendaji aliyepotea

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nilete kisa hiki kwa washairi badala ya kuwaachia wanasayansi.

Sisi twasema "mabadiliko ya tabianchi". Ni neno zuri, fupi, lililoundwa kwa akili. Lakini tulichunguze. "Mabadiliko" yatokana na kitenzi "badilika", si "badilisha". Kauli hiyo haina mtendaji. Maziwa huganda, nguo hukauka, tabia ya nchi hubadilika, hakuna aliyefanya. Na "tabia" nayo ni kitu cha mwenyewe: ukisikia tabia ya nchi imebadilika, waweza kudhani nchi ndiyo iliyoharibika adabu. Vivyo hivyo bahari "inapanda", watu "wanahama", mionzi "inasambaa". Sarufi imewapa wote kazi isipokuwa mwenye kazi.

Mwaka 1946 ilikuwa vivyo hivyo. "Kwa manufaa ya wanadamu" ni maneno yasiyo na mtu ndani yake. "Kwa muda" ni wakati usio na mwenye kuuhesabu. Naona kwamba watu wa Marshall, tangu ombi lao la 1954, wamekuwa wakifanya kazi moja ya sarufi: kumrudisha mtendaji ndani ya sentensi.

Mfano mkubwa ni Tony deBrum. Siku ya Bravo alikuwa mtoto wa miaka 9, yuko kisiwa cha Likiep akivua samaki pamoja na babu yake. Alisimulia mara nyingi jinsi mwanga ulivyowapiga, na jinsi mbingu nzima ilivyogeuka nyekundu. Mtoto huyo alikuja kuwa waziri wa mambo ya nje wa nchi yake. Tarehe 24 Aprili 2014, nchi yake ndogo ilifungua mashauri katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague dhidi ya nchi zote 9 zenye silaha za nyuklia. Haikudai fidia. Ilidai kwamba nchi hizo zimevunja wajibu wa kujadiliana kwa nia njema ili kuziondoa silaha hizo, wajibu ambao Mahakama hiyo hiyo ilikuwa imeutaja kwa kauli moja mwaka 1996.

Mashauri matatu tu ndiyo yaliyoendelea, dhidi ya Uingereza, India na Pakistan, kwa kuwa hizo ndizo zilizokuwa zimekubali mamlaka ya Mahakama. Tarehe 5 Oktoba 2016 yote yakatupwa. Wapenzi wa lugha na wasikie sababu yake: yalitupwa kwa ajili ya maana ya neno moja, "mgogoro". Mahakama ilisema haikuthibitika kwamba kabla ya shauri kufunguliwa palikuwa na mgogoro kati ya pande mbili, kwani Marshall haikuwa imewafahamisha wenzake vya kutosha kwamba inapingana nao. Watu waliolipuliwa mabomu 67 waliambiwa kwamba hawakuwa wamegombana na mtu.

Katika shauri la Uingereza majaji waligawanyika 8 kwa 8, na kura ya rais wa Mahakama ndiyo iliyoamua. Miongoni mwa majaji 8 waliopinga uamuzi huo walikuwamo wawili wa upande wetu wa Afrika: Abdulqawi Yusuf wa Somalia na Julia Sebutinde wa Uganda.

DeBrum hakukata tamaa. Kabla hata ya hukumu hiyo, mwezi Desemba 2015, alikuwa Paris akiongoza muungano wa nchi zilizodai kwamba mkataba wa tabianchi utaje kiwango cha nyuzi 1.5 za joto. Kiwango hicho kiliandikwa mkatabani. Alifariki mwaka 2017. Katika maisha ya mtu mmoja, aliyeona mwanga kwa macho yake na maji kwa miguu yake, mada zangu mbili zilikuwa moja.

Na palikuwa na mshairi. Tarehe 23 Septemba 2014, katika ukumbi wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, Kathy Jetñil-Kijiner wa Marshall alisimama mbele ya viongozi wa dunia akasoma shairi alilomwandikia binti yake mchanga, akimwahidi kwamba bahari haitammeza. Mwaka 2018 alikwenda Runit mwenyewe, akasimama juu ya kuba, akalisomea Kaburi shairi. Sitanukuu, msomaji atayatafuta. Nasema tu alichokifanya: katika ukumbi uliozoea kusema "mataifa" na "jumuiya ya kimataifa", alimtaja mtoto mmoja kwa jina, na kila kiongozi aliyeketi pale akawa ni mtu anayeambiwa jambo na mama.

Kazi iliyobaki kwetu

Si kweli kwamba sisi ni watazamaji. Tarehe 22 Mei 1984 Mwalimu Nyerere alikuwa mmoja wa viongozi sita, pamoja na wa Argentina, India, Meksiko, Sweden na Ugiriki, waliotoa tamko la pamoja kuyataka mataifa yenye nyuklia yasimamishe majaribio, utengenezaji na usambazaji wa silaha hizo. Mkataba wa Pelindaba, unaolifanya bara la Afrika kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia, ulitiwa saini Cairo mwaka 1996, na ulipata nguvu tarehe 15 Julai 2009 Burundi ilipouridhia na kutimiza idadi iliyotakiwa. Nchi ndogo ilikamilisha hesabu ya bara zima.

Tulikosa jambo jingine, nalo ni letu sisi: neno. Vyombo vyetu vya habari husema "upokonyaji wa silaha". Kupokonya ni kunyakua kwa nguvu mkononi mwa mtu. Nani atakayempokonya mwenye bomu? Wajibu uliotajwa na Mahakama ni wa mwenye silaha kuiacha mwenyewe. Tulibishana sana juu ya hili siku ile. Mmoja alipendekeza "uwekaji chini wa silaha". Binti mmoja, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, akasema, "Kwa nini tusiseme kuvua silaha? Vazi huvuliwa na aliyelivaa." Ukumbi ulinyamaza kidogo, kisha ukampigia makofi. Sijui kama neno lake litashika. Najua lina mtendaji ndani yake.

Mzee ndiye aliyefunga mazungumzo. Alisema kwamba katika mapokeo yetu yuko mtunzi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyezitazama nyumba zilizoanguka za Pate akaionya nafsi yake juu ya ulimwengu upitao. "Lakini wale wa Pate," alisema, "waliachwa na dunia waliyoipenda. Hawa wa kwako walinyang'anywa dunia na watu. Usitie mambo hayo mawili katika chungu kimoja. La kwanza hufunza kutubu. La pili hudai haki." Kisha akanigeukia: "Niliuliza nguo imeingiaje. Nimeelewa. Sasa tuachie beti mbili, usituache na hotuba."

Nilikuwa nazo mfukoni, sijaridhika nazo, nikazisoma hivyo hivyo:

Ewe jina la Bikini, ukageuka ni nguo,
Watu wako ugenini, hawajapata kituo,
Nazi zako za mtini, hazifikishwi kifuo,
Bahari yapanda juu, na kaburi halijafa.

Waliambiwa wakati, hautazidi mkono,
Wakauliza kwa dhati, wakajibiwa kwa neno,
Zege lake kama koti, wazi chini ya kiuno,
Bahari yapanda juu, na kaburi halijafa.

Mzee alinisahihisha mahali pawili nilipozisoma kwa haraka, akaniambia ubeti wa tatu haujaandikwa, nao ni wa kuwataja waliofanya. Nimeujaribu tangu siku ile. Kila nikiuanza, kitenzi kinanitoroka kinaingia katika kauli isiyo na mtu. Naendelea kuujaribu, na ninawakaribisha washairi wenzangu waujaribu nami.